Benchi la Nyuma

Jumatatu, 7 Aprili 2025. Migori

Shule zimefungwa Ijumaa, na kamati ya yubile ya shule yetu haikunipa hata wikendi moja ya kupumua. Wamenikabidhi sura ya kwanza ya kijitabu niiandike upya, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa Historia. Rasimu waliyo nayo ni kurasa mbili. Inaanza kwa kusema wamisionari walituletea elimu, kisha inaruka miaka yote ya katikati na kutua kwenye orodha ya waliosoma hapa wakawa watu: daktari, wakili, padre, wahandisi, mbunge wa zamani.

Wakawa watu. Ndivyo ilivyoandikwa. Sasa wale wengine walikuwa nini?

Sentensi ya kwanza nayo inanikera. Kabla mzungu yeyote hajapanda kilima cha Gendia, mtoto wa huku alikuwa na mahali pa kufunzwa. Msichana alilala siwindhe, nyumbani kwa bibi, pamoja na wenzake wa boma na wavulana wadogo ambao hawajajengewa simba, kibanda cha kijana. Jioni kulikuwa na vitendawili na sigana, yaani hadithi, na katikati ya visa vya sungura na fisi mtoto alijikuta ameshajua ukoo upi hauoani na upi, mgeni anapokewaje, wimbi linapandwa lini. Mvulana aliyeanza kukua alisogea duol, kwenye moto wa wazee, akasikiliza kesi zikikatwa, hadi siku moja naye akaulizwa anaonaje.

Sitaki kuipamba siwindhe. Haikumfundisha mtu kusoma risiti ya kodi, na msichana alifunzwa mambo mengi ya kunyamaza ambayo mimi sina haja nayo. Ila sijasikia mtoto aliyefukuzwa siwindhe kwa kushindwa kitendawili. Aliyeshindwa leo aliulizwa tena kesho.

Jumatano, 9 Aprili. Kendu Bay

Mvua tangu alfajiri. Boda amenipandisha Gendia matope yakiruka hadi magotini, nikaingia kwenye uwanja wa misheni nikiwa nimelowa.

Hapa ndipo Arthur Carscallen, Mkanada, alipofika Novemba 1906 baada ya kuvuka ghuba kutoka Kisumu, akiwa na Peter Nyambo wa Nyasaland, Malawi ya leo. Katika rasimu yetu Nyambo hayumo kabisa. Mmoja wa Waadventista wawili wa kwanza kuja kufundisha Nyanza Kusini alikuwa Mwafrika aliyesoma, aliyekwisha kuiona Uingereza, na sisi tumemwacha nje ya hadithi yetu wenyewe. Baadaye, mwaka wa 1914, Nyambo huyohuyo alipeleka London maombi ya Waafrika wa kwao waliolalamikia jinsi walivyotawaliwa. Alikuwa amekwisha kuona kalamu inaweza kufanya kazi gani zaidi ya kunakili aya za Biblia.

Carscallen alijifunza Dholuo, akakiandikia sarufi, akaleta mtambo mdogo wa kupigia chapa. Hadi leo Gendia kuna kiwanda cha uchapaji, Africa Herald. Kutoka kilima hiki vikachipuka vituo vingine: Wire, Karungu, Kamagambo, na Nyanchwa upande wa Kisii. Mapadre wa Mill Hill nao wakajenga Asumbi. Ramani ile haijafutika. Ukimuuliza mtoto wa Rachuonyo au Rongo anasoma shule gani, mara nyingi utajua babu yake alibatizwa na nani.

Nani alikwenda shule hizo za kwanza, na kwa nini? Serikali ilikuwa imeshaingia, kwanza kwa kituo cha Karungu, na mwaka wa 1907 makao yakahamishiwa Kisii. Kodi ya nyumba ikaja na karatasi yake. Baba aliyekuwa na mtoto wa kusoma karatasi ile hakuibiwa na karani. Wazee wakapiga hesabu: huyu abaki na ng'ombe, huyu aende kwa mzungu. Lakini shule ilikuwa na bei yake. Kusoma kulikuwa ndiyo njia ya ubatizo, na wa kwanza hapa walibatizwa mwaka wa 1911. Mvulana akaacha kung'olewa meno sita ya chini kama baba yake. Akapewa jina jipya na kaptura. Akaacha pombe ya sherehe, maana yake ni kwamba akaacha kukaa na wazee pale wanapozungumzia mambo mazito. Huku ziwani akaacha hata kula kambare, kwa sababu samaki asiye na magamba ni haramu katika Mambo ya Walawi. Mama akipika, mtoto anakula peke yake.

Si wote waliokubali bei hiyo. Mwaka wa 1913 Onyango Dunde wa Alego alitangaza ujumbe wa Mumbo, nyoka wa ziwani, kwamba dini ya wazungu imeoza na wazungu wenyewe wataondoka. Ujumbe ule ulishika sana upande huu wa kusini. Septemba 1914 Wajerumani walipoishambulia Kisii na Waingereza wakakimbia, watu walipora mji na misheni pia. Huwa naambia wanafunzi wangu wasiharakishe kuita jambo hilo ujinga. Mtu haporomoshi nyumba ambayo haijamgusa.

Alhamisi, 10 Aprili. Homa Bay

Nimeshinda na makaratasi yangu. Ziwa liko dirishani, nalo gugumaji limeziba gati.

Swali la mtihani linalorudi kila mwaka: taja mchango wa wamisionari katika elimu. Mtahiniwa anataja hoja tano, anapata alama tano. Hakuna anayeulizwa walinyima nini.

Mwaka wa 1908 wavulana wa Maseno, shule ya wamisionari wa CMS iliyofunguliwa 1906, waligoma. Walikuwa wamekuja kusoma na kuandika, wakajikuta wanalima na kufyatua matofali. Walikuwa wameshaelewa, miaka miwili tu baada ya shule kufunguliwa, kwamba kuna elimu mbili na kwamba wao wanapewa ile ya pili. Mwaka uliofuata Nelson Fraser, aliyeletwa kutoka India, aliishauri serikali Mwafrika afundishwe kazi za mikono, na shule zitengwe kwa rangi. Idara ya Elimu ikaundwa 1911, na ruzuku kwa misheni ikafungwa kwenye ufundi. Mwaka wa 1924 ikaja tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, ikiwa na James Aggrey wa Gold Coast ndani yake, ikasifu mfano wa shule za watu weusi wa Hampton na Tuskegee: kilimo, afya, ufundi wa kijijini. Mwaka wa 1925 Jeanes School ikafunguliwa Kabete kufundisha walimu watakaosambaza elimu hiyo vijijini.

Nataka kuwa mwadilifu. Mwalimu wa Jeanes aliyefundisha kuchimba choo aliokoa maisha ya watoto. Kilimo si aibu. Baba yangu alilima, na miwa ilinilipia karo. Ubaya ulikuwa kwamba mtoto wa mlowezi hakuambiwa jembe linamtosha. Ubaya ulikuwa dari.

Na watu walilisema hili kwa sauti. Desemba 1921 walimu waliosomea Maseno, akina Jonathan Okwiri, waliitisha mkutano mkubwa Lundha, Gem, wakaunda Young Kavirondo Association. Pamoja na kulalamikia kodi na kipande, kitambulisho cha kazi, walidai shule ya serikali, kwa kuwa walichoka kuachiwa misheni peke yake. Halafu, baada ya mabaraza ya wenyeji kuanzishwa katikati ya miaka ya 1920, watu wa Kavirondo Kusini (jina la zamani la Nyanza Kusini), Wajaluo na Abagusii na Wakuria, walitozwa juu ya kodi ya kawaida na fedha zao zikachangia shule ya serikali pale Kisii katika miaka ya 1930. Sasa nani alimletea nani elimu? Ng'ombe waliouzwa walikuwa wa huku.

Jumatatu, 14 Aprili. Ndhiwa

Leo nimekaa na mzee mmoja wa Kanyamwa kuanzia saa nne hadi jua linaelekea kuzama. Alizaliwa 1941. Jina lake naliacha nje ya daftari hili hadi aniruhusu kulichapisha.

Nilikuwa nimeelekezwa kwake kama mtu anayekumbuka shule yetu ilipokuwa nyumba ya udongo ya kanisa. Kabla sijakaa vizuri akanionya, akiniita binti yake kwa Dholuo: “Nyara, mimi sikusoma. Kama unatafuta waliosoma, nenda kwa ndugu yangu, alifika darasa la nane.”

Nikamwambia, “Jaduong', mzee wangu, nimekuja kwako.”

Alianza shule akiwa mkubwa kidogo, kwa sababu mbuzi wa baba yake hawakuwa na mchungaji mwingine. Darasa la kwanza waliandika kwenye vibao vya mawe, wakifuta kwa mate na kiganja. Vitabu vilikuwa vya Dholuo. Saa za mwisho za siku zilikuwa za shamba la mwalimu, lililoitwa shamba la shule. Aliipenda hesabu. Alipoitaja alinyoosha mgongo.

Mwaka wa 1953 wakafanya mtihani wa darasa la nne. Ulifanywa kituo kingine, wakatembea usiku ili wafike alfajiri, viazi vitamu vikiwa mfukoni. Majibu yalipokuja, mwalimu aliwaita wote ndani, wazazi wakiwa mlangoni na madirishani. Akasoma majina. Aliyetajwa alitoka alipokuwa na kwenda kukaa benchi la mbele. Benchi lile halikujaa. Mwalimu akakunja karatasi, akawapa mkono wale wa mbele, kisha akawaambia wa nyuma warudishe vibao kabla ya kwenda nyumbani.

“Hakutukana mtu,” mzee akaniambia. “Alikuwa mpole. Hata yeye alikuwa na huzuni. Lakini tulitoka kwa mlango wa nyuma, hatukutaka kupita kwa wazazi.”

Baba yake alikuwa ameuza fahali kwa ajili ya miaka ile minne. Njiani hawakuzungumza. Mwaka uliofuata mzee alikwenda Kericho kuchuma chai, akakaa huko hadi baada ya Uhuru.

Mchana mkewe alituletea ugali wa wimbi na mboga ya osuga. Tulipomaliza, mzee akaingia chumbani akatoka na sanduku la bati. Nilidhani ni vyeti. Zilikuwa daftari, za karatasi zilizogeuka rangi ya chai, zimefungwa kwa kamba ya katani. Katika miaka ya 1970 kijiji kilipojenga madarasa ya harambee, yeye ndiye aliyewekwa mtunza hazina. Kila ukurasa una mistari iliyopigwa kwa rula: jina, boma, alichotoa, tarehe, sahihi au dole gumba. Mwandiko umesimama wima, herufi zimeunganika vizuri, tarakimu zimekaa chini ya tarakimu hata mtu angeweza kuteremsha kamba kati yake. Kuku mmoja. Shilingi 5. Debe la mtama. Shilingi 20, mjane wa fulani. Magunia mawili ya saruji, kutoka kwa kijana aliye Mombasa. Chini ya kila ukurasa kuna jumla, na jumla hiyo inahamia juu ya ukurasa unaofuata. Nimejumlisha kurasa kadhaa kwa simu yangu. Hazikosei hata senti.

Shule ya sekondari iliyojengwa kwa daftari hizo ina maabara leo. Mtu aliyeziandika anasema hakusoma, na ameyasema hayo kwa miaka zaidi ya sabini, kwa sababu mtu fulani mwaka wa 1953 alisoma karatasi na jina lake halikuwamo.

Jumanne, 15 Aprili. Migori

Usingizi umenipaa, bora niandike.

Karatasi ile ilikuwa na mwenyewe. Mwaka wa 1949 kamati chini ya Leonard Beecher, mchungaji wa Kianglikana aliyekuwa amewahi kuwakilisha Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, ilitoa ripoti juu ya elimu ya Waafrika. Miaka minne ya msingi, minne ya kati, minne ya sekondari. Kila daraja na mtihani wake: wa ushindani mwisho wa darasa la nne, kisha KAPE mwisho wa la nane. Hoja zake ukizisoma bila haraka zina mantiki. Walimu waliofunzwa walikuwa haba, shule ndogo zilikuwa zinachipuka ovyo, fedha hazikutosha. Lakini fedha hazikutosha kwa nani? Miaka hiyohiyo shule za watoto wa Kizungu zilijengwa kwa mawe na kuwekewa maabara.

Waafrika waliipinga ripoti hiyo tangu mwanzo, wakasema ni mbinu ya kuwazuia wengi wasipande. Walikuwa sahihi. Na jambo linaloniuma zaidi halimo kwenye ripoti. Upungufu wa madawati uligeuzwa upungufu wa mtoto. Serikali ilikosa nafasi, mtoto akaambiwa amefeli, naye akaamini. Mzee wa Kanyamwa hakukosa akili ya kwenda darasa la tano. Darasa la tano ndilo halikujengwa.

Baadaye mlango wa darasa la nne ulifunguliwa. Vyema. Lakini kisiki tulikihamisha tu. Mitihani ya mwisho wa shule ya msingi ikafuatana: KPE, CPE, kisha KCPE kuanzia 1985 hadi ile ya mwisho ya 2023. Nimesimamia chumba cha mtihani mara nyingi, nimeona watoto wakitapika kabla ya kengele. Kila Desemba au Januari magazeti yakachapisha picha za waliobebwa juu juu. Walio mlango wa nyuma hawana mpiga picha.

Alhamisi, 17 Aprili. Mfangano

Boti kutoka Mbita, upepo mwema. Nimekuja kwa sababu ya mama mmoja wa Sena, shangazi wa mwalimu mwenzangu, na kwa sababu kijitabu chetu kinasema wanafunzi wa kwanza wa shule “wote walikuwa Wajaluo”. Si kweli. Familia kadhaa zilizohamia kwetu zilitoka visiwani na Gwassi, nazo zilikuwa Abasuba.

Abasuba walikuja kwa mitumbwi kutoka upande wa Uganda vizazi vingi vilivyopita, wakiongea lugha ya Kibantu, Olusuba. Kuoana na kufanya biashara na Wajaluo kulianza zamani, kwa hiyo siwezi kuutwika ukoloni mzigo wote. Lakini shule ndiyo iliyopiga muhuri. Kitabu cha kusomea kilikuwa cha Dholuo, Agano Jipya la Dholuo likatoka 1926, mwalimu alitoka bara, baraza la chifu lilikuwa la Dholuo. Utawala ulipenda lugha moja kwa wilaya moja. Mtoto wa Mfangano alipojifunza kusoma, alijifunza katika lugha ya jirani, akarudi nyumbani akiamini ile ya mama haiandikiki.

Mama wa Sena alisoma hadi darasa la tatu. Alisema walipewa picha ya mtumbwi, yeye akataja jina lake kama nyumbani, darasa zima likacheka, mwalimu naye akacheka. “Hakunichapa, mwanangu. Alicheka tu. Tangu siku hiyo sikulitamka tena shuleni.” Aliwalea watoto wake kwa Dholuo. Wajukuu wanaongea Dholuo na Kiingereza. Olusuba anaongea na dada yake tu, kwa simu, dada akiwa Nyandiwa. Katika miaka ya 1990 lugha hiyo ilianza kufundishwa katika baadhi ya shule za msingi za huku, na sasa kuna redio ya kisiwani inayoitumia. Mama huisikiliza akitengeneza omena. Anaisifu, kisha anasema watangazaji wanaongea kama watu waliojifunza ukubwani.

Nami nilivaa diski. Miaka ya 1980, shule ambayo sitaitaja, kibao cha mbao kilichotobolewa na kutiwa uzi: ukisikika unaongea lugha ya nyumbani unavishwa, ukimnasa mwenzio unamvisha, na jioni wote waliopitiwa nacho wanaitwa kwa majina. Ilikuwa zaidi ya miaka 20 tangu Uhuru. Miaka ya mwisho ya 1950 mpango mpya ulikuwa umeanza kusukuma Kiingereza hadi darasa la kwanza. Olusuba kikameza aibu mbele ya Dholuo, Dholuo mbele ya Kiingereza, na Kiswahili, ambacho kingeweza kutuunganisha sote hadi Shirati na Mwanza, kikaachwa kiwe lugha ya askari na soko. Nakifundisha leo, pamoja na Historia, kwa moyo wangu wote, na bado wazazi huniuliza kitamsaidia nini mtoto.

Jumamosi, 19 Aprili. Rusinga

Kaburi la Tom Mboya. Kikundi cha wanafunzi wa Pasaka, kelele nyingi, wanapiga picha. Mlinzi anawaambia jengo lina umbo la risasi. Wanajua alipigwa risasi Nairobi, Julai 1969. Nilipowauliza alisoma wapi, wakanyamaza.

Baba yake alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Kilimambogo, ndiko Tom alikozaliwa 1930. Kabaa, Yala, Mang'u: shule za Kikatoliki, kisha karo ikakatika. Akaenda kusomea ukaguzi wa afya, fani ile hasa ambayo mpango wa elimu ya Mwafrika ulipenda. Naamini ndiyo maana aliielewa dari ile vizuri kuliko wengi. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka na wanafunzi 81 kwenda vyuo vya Marekani, kwa fedha alizozisaka yeye na rafiki zake, maofisa wa kikoloni wakinung'unika kwamba shahada za kule ni duni. Mwaka huohuo Barack Obama mkubwa, aliyezaliwa Kanyadhiang, mwendo mfupi tu kutoka Gendia, alikwenda Hawaii kwa njia yake. Maseno hakuhitimu; alimalizia masomo kwa posta, jioni baada ya kazi ya ukarani Nairobi.

Hawa wawili tunawataja kama ushahidi kwamba mfumo ulifanya kazi. Mimi nawaona kama watu waliolazimika kuuzunguka.

Jumanne, 22 Aprili. Rongo

Nimepita Kamagambo, ambako Waadventista walifunza walimu wao tangu miaka ya 1920 na ambako wasichana pia walipata bweni mapema kuliko sehemu nyingi za huku. Wengi wa walimu wa kwanza wa shule zetu za kijijini walianzia hapa. Sitakaa sana, mwalimu mstaafu niliyemtarajia anaumwa.

Jioni nimesoma tena Luo Kitgi gi Timbegi cha Paul Mboya, kilichotoka 1938. Mboya alikuwa mtoto wa Gendia hadi mfupa, akawa mchungaji wa Kiadventista, kisha chifu wa Karachuonyo. Angeweza kuandika juu ya wokovu wake. Akaandika jinsi boma linavyopangwa, ndoa inavyofungwa, marehemu anavyozikwa, tena kwa Dholuo, kwa watu wake wasome. Wapo wasomi wa leo wanaomlaumu kwamba alizigandisha mila, kwamba kilichokuwa mazungumzo ya duol kiligeuka kanuni ya kitabu ambayo watu hupeleka mahakamani kugombania maiti. Kuna ukweli hapo. Hata hivyo kila nikifika kurasa zake napata mtu aliyekataa kuchagua kati ya kalamu na duol, mwaka ambao kila mwenye mamlaka alimtaka achague.

Ijumaa, 25 Aprili. Migori

Kamati imekaa kuanzia saa nane. Nimewasomea sura mpya. Inaanza hivi: “Wazazi wa eneo hili waliitaka shule kuliko walivyopewa, wakailipia.” Kisha Nyambo na Carscallen, mgomo wa Maseno, fedha za baraza, Beecher, daftari za harambee. Kimya kidogo. Mchungaji akauliza kama sijawakosea heshima wamisionari. Nikamjibu kwamba nimewataja kwa majina na kwa kazi waliyoifanya, na heshima kubwa kuliko hiyo sina. Akatikisa kichwa akakubali, au karibu akubali.

Ugomvi ulikuja kwenye ukurasa wa mwisho. Nimeomba orodha ya “waliokuwa watu” iondolewe, na mahali pake yawekwe majina ya darasa zima la nne la 1953, waliopita na wasiopita, kwa alfabeti, bila kutenganishwa.

Mwenyekiti akasema, “Mwalimu, watu watanunua kijitabu kwa ajili ya picha za wakubwa. Hao wengine nani atawatafuta?”

“Wajukuu wao,” mweka hazina akasema kabla yangu. Sikutarajia. Akaongeza kwamba babu yake alikuwa miongoni mwao, na kwamba nyumbani hawajawahi kulizungumza.

Wamepiga kura. Picha zinabaki, majina yanaingia, kwa sharti niyapate yote kabla ya kazi kwenda kwa mchapaji. Rejista ya mwaka ule haipo. Iliharibiwa na mchwa zamani.

Nimempigia Jaduong' wa Kanyamwa. Ananiambia anawakumbuka wote, benchi kwa benchi, pamoja na walikoishia: Kericho, Macalder migodini, Miwani, jeshini, wengine makaburini. Kesho ni Sabato, hashiki kalamu. Amesema nifike Jumapili mapema, nije na daftari jipya na rula, kwa sababu majina hayo ataandika mwenyewe.